Kipindi kilichokaliwa matanga mara nyingi: Saturday Night Live na swali la kushuka kwake

Sijui kama kuna kipindi cha televisheni kilichokaliwa matanga mara nyingi kuliko Saturday Night Live, kipindi cha maigizo mafupi ya kuchekesha kinachorushwa moja kwa moja Jumamosi usiku na kituo cha NBC cha Marekani. Matanga ya kwanza yalikuwa mwaka 1980, Lorne Michaels aliyekianzisha alipoondoka na waigizaji wake wote. Yakaja ya 1986, yakaja ya 1995, na tangu hapo ni kama hayajaanuliwa. Utani wa kuchukua jina la kipindi, kutoa neno Live na kuweka Dead, yaani kimekufa, una zaidi ya miaka 40 sasa, na bado unaandikwa.

Mimi nakipenda kipindi hiki, na ndiyo sababu malalamiko hayo siyapuuzi. Wanaokitetea wana jibu moja la haraka: watu wamelalamika tangu zamani, kwa hiyo hakuna jipya. Halitoshi. Mtu anaweza kulalamika mara kumi, akakosea mara saba na kupatia mara tatu, na hizo tatu zinastahili kuelezwa. Nyakati za kushuka zilikuwapo kweli, zina miaka yake na zina sababu zake. Ila ili uzione vizuri, kwanza uondoe njiani kitu kingine kinachofanana nazo: ubovu ambao umo ndani ya kipindi tangu siku ya kwanza, na ambao hautatoka hata kikiongozwa na malaika.

Siku sita, dakika tisini

Tuanze na namna kinavyopikwa. Jumatatu jioni waandishi na waigizaji hujibana ofisini kwa Michaels, ghorofa ya 17 ya jengo la 30 Rockefeller Plaza, New York, wengine wamekaa sakafuni, kila mmoja akimtajia mgeni wa wiki wazo lake. Mgeni huyo huwa mwigizaji wa filamu, mwanamuziki, mwanamichezo, wakati mwingine mwanasiasa. Ndiye atakayebeba usiku wa Jumamosi, na mara nyingi hajawahi kusimama jukwaani kuchekesha. Jumanne watu huandika usiku kucha. Jumatano wanakaa mezani na kusoma kwa sauti maigizo takriban 40, na yanayochaguliwa ni kama dazeni moja hivi. Kisha mafundi wanaanza kujenga mandhari, washonaji wanaanza kushona, na Alhamisi na Ijumaa zinaishia kwenye mazoezi na kurekodi vile vipande vya video vinavyochanganywa na maigizo ya jukwaani.

Jumamosi saa mbili usiku hufanyika mazoezi ya mwisho mbele ya watazamaji halisi, yakiwa na maigizo mengi kuliko yatakayorushwa. Michaels huyafuatilia kwenye skrini akiwa chini ya viti vya watazamaji, akisikiliza kicheko kinakuja wapi na kimya kinatanda wapi. Mazoezi yakiisha, watu huitwa ofisini. Ubaoni kuna kadi, kila kadi ni igizo. Kadi zinahamishwa, nyingine zinatolewa kabisa, na mwigizaji anaweza kujua palepale kwamba kazi yake ya wiki nzima imekwenda na maji. Waandishi wanakata mistari. Watu wa mabango, yale makadi makubwa yanayoandikwa kwa mkono na kushikwa kando ya kamera ili waigizaji wasome, wanafuta na kuandika upya. Muda uliobaki hauzidi saa moja na nusu. Michaels ana usemi wake maarufu kuhusu hilo: hatuendi hewani kwa sababu tuko tayari, tunakwenda kwa sababu ni saa tano na nusu.

Ukishaijua ratiba hiyo, malalamiko kadhaa yanabadilika sura. Yale macho ya waigizaji yanayotazama pembeni badala ya kutazamana, ambayo watu huyataja kama dalili ya uvivu wa siku hizi, yalikuwapo tangu mwanzo. Wanasoma maneno ambayo huenda yamebadilishwa nusu saa iliyopita. Mandhari yanayotikisika mlango ukifungwa? Studio 8H, ambamo kipindi hurushwa, ilijengwa kwa ajili ya redio, na ndimo orkesta ya Arturo Toscanini ilimokuwa ikipiga. Ni chumba ambamo kila ukuta wa mbao lazima usukumwe ndani na kutolewa nje wakati wa matangazo ya biashara.

Halafu kuna lalamiko kubwa kuliko yote, kwamba maigizo hayana mwisho. Hili ni la kweli, na ni vizuri kulielewa. Igizo la namna hii hubeba wazo moja tu: mtu mwenye kasoro moja, kawekwa mahali pa kawaida. Wazo linajulikana ndani ya nusu dakika. Linakuzwa, linakuzwa tena, na baada ya hapo kila mtu, mtazamaji akiwemo, anajua limefika dari. Sasa ulitokeje? Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo huachwa iandikwe mwishoni, na mtu ambaye hajalala tangu Jumanne. Kundi la Monty Python la Uingereza lilikwepa mtego huo kwa kukataa kumaliza: anaingia mtu na kusema huu ni upuuzi mtupu, au inapita katuni, basi linaanza igizo jingine. Lakini wao walirekodi mapema, na kuanzia 1969 hadi 1974 walitengeneza matoleo 45 tu. Hata hao, msimu wao wa nne, baada ya John Cleese kuondoka, si wengi wanaoutaja wa kwanza. Saturday Night Live ina matoleo takriban 1000.

Piga hesabu mwenyewe. Maigizo nane kwa usiku, usiku ishirini kwa mwaka, ni maigizo 160. Hakuna chumba cha waandishi duniani kinachoweza kuandika mazuri 160 kwa mwaka, achilia mbali kwa miaka 50 mfululizo. Kikipata mawili mazuri kila Jumamosi, kimepata 40, na hiyo ni mavuno makubwa. Ila mtu aliyekaa mbele ya televisheni Jumamosi ile ameona mawili mazuri na sita ya kuvumilia, na kesho yake ana haki ya kusema alichokiona.

Mchele uliopepetwa

Wa zamani je, hawakuwa na yale sita? Walikuwa nayo. Tofauti ni kwamba hatuyaoni tena. Matoleo ya zamani yalipouzwa kwa vituo vingine yalikatwa kutoka dakika 90 hadi 60. Baadaye yakaja mikusanyo ya maigizo bora, kisha klipu. Kila hatua imetoa pumba kidogo. Kwa hiyo tunapolinganisha miaka ya 1970 na wiki iliyopita, tunalinganisha mchele uliokwisha kupepetwa na mpunga uliotoka shambani leo.

Niliwahi kukaa na kuangalia toleo la kwanza kabisa, la tarehe 11 Oktoba 1975, bila kuruka hata dakika moja. Lilinishangaza. Mgeni ni George Carlin, na haigizi igizo hata moja. Anatoka mara kadhaa, anaongea peke yake, anarudi ndani. Wanamuziki ni wawili, Billy Preston na Janis Ian, na wote wanaimba zaidi ya mara moja. Vikaragosi vya Jim Henson vina sehemu yao nzima, ambayo waandishi hawakupenda kuiandikia na ambayo ilitoweka baada ya msimu ule. Wale waigizaji saba ambao leo tunawataja kama mitume, akina John Belushi, Gilda Radner na Chevy Chase, wanapita tu kwa vipande. Toleo la pili, lililoongozwa na Paul Simon, karibu lote ni muziki.

Lakini katikati ya toleo lile la kwanza anatoka kijana anaitwa Andy Kaufman na kusimama kando ya gramafoni. Hasemi neno. Anashusha sindano, wimbo wa katuni ya Mighty Mouse unaanza, naye anasimama tu, mikono hajui aiweke wapi, macho yanahangaika kama ya mtu aliyesahau kilichomleta. Unafika mstari mmoja wa kiitikio, mmoja tu, naye ananyoosha mkono na kuufuatisha kwa mdomo kwa fahari ya shujaa. Mstari ukiisha, fahari yote inamtoka, anarudi kusubiri. Kuna mahali anakunywa maji. Unacheka kwa sababu ya kusubiri kwake, na kadiri anavyosubiri ndivyo unavyozidi kucheka. Dakika hizo chache zimeishi nusu karne. Sehemu kubwa ya ile saa moja na nusu iliyozizunguka haikuishi.

Michaels amesema mara nyingi kwamba kila mtu huamini kikosi bora ni kile alichokikuta akiwa shule ya sekondari. Ninaamini hivyo kwa kiasi fulani. Umri ule ndio mtu anaanza kukesha kwa ruhusa yake mwenyewe, na ndio anaona kwa mara ya kwanza watu wazima wakimcheka rais hadharani. Hakuna mwandishi anayeweza kumrudishia mtu wa miaka 45 usiku ule. Ila maneno hayo, yakitoka kwa mwenye kipindi, ni kinga nzuri mno. Yanaweza kutumika hata pale kipindi kilipoharibika kweli.

Mara tatu kilipoharibika kweli

Anguko la 1980 ndilo linalofundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Michaels aliondoka baada ya misimu mitano, waigizaji waliobaki wakaondoka, karibu waandishi wote wakaondoka. Kiti akapewa Jean Doumanian, ambaye kazi yake hapo awali ilikuwa kutafuta wageni wa kipindi. Akapewa muda mfupi na bajeti iliyopunguzwa, akatakiwa kuunda kila kitu upya: sura mpya, waandishi wapya, jukwaa lilelile, jina lilelile. Watazamaji walikuja Novemba wakiwa bado na Gilda Radner na Bill Murray vichwani. Maigizo yalikuwa makali pasipo na sababu na yalikuwa yanaiga kile cha zamani bila kukielewa. Februari 1981 mwigizaji Charles Rocket alitoa tusi hewani, na muda si mrefu Doumanian akaondolewa.

Sasa angalia nani alikuwa amekaa benchi msimu huohuo. Eddie Murphy, miaka 19, ameajiriwa kama nyongeza tu. Januari toleo moja lilibakiwa na dakika kadhaa zisizo na kitu, wakamsukuma jukwaani asimulie vichekesho vyake vya klabuni ili kujaza muda. Akazijaza. Kipaji kikubwa kuliko vyote vya muongo ule kilikuwa ndani ya msimu mbovu kuliko yote, na hakikupewa nafasi mpaka ratiba ilipotoboka. Mtu akiniambia kwamba siku hizi vipaji hakuna, namkumbuka Murphy akisubiri pembeni.

Anguko la msimu wa 1985 hadi 1986 lilikuwa na sababu iliyopindukia upande wa pili. Michaels alirudi, na safari hii akakusanya vijana ambao tayari walikuwa na majina: Anthony Michael Hall wa miaka 17, Robert Downey Jr. wa miaka 20, Joan Cusack, pamoja na Randy Quaid aliyewazidi umri. Ni waigizaji wazuri, historia imethibitisha. Lakini uigizaji wa filamu na uigizaji wa maigizo mafupi ni kazi mbili. Huku unatakiwa uwe mzee wa kanisa, uvue wigi, na baada ya dakika mbili uwe mtangazaji wa michezo, na wote wawili wajulikane wakiwa bado mlangoni. Hicho ni kitu ambacho watu hujifunza kwenye vikundi vidogo vya jukwaani, usiku baada ya usiku, mbele ya watu kumi na tano.

Toleo la kufunga msimu ule, Mei 1986, bado linanisisimua. Katika igizo la mwisho chumba cha waigizaji kinawashwa moto. Michaels mwenyewe anatokea, anatazama kikosi chake chote kilichomo ndani, na kumwokoa mtu mmoja tu, Jon Lovitz. Wengine wanaachwa. Majina ya kufungia kipindi yakapita na alama za kuuliza. Ulikuwa utani, lakini Brandon Tartikoff, bosi wa burudani wa NBC, alikuwa karibu kukifuta kipindi kweli, na kati ya wale waliokuwa ndani ya moto wengi hawakurudi. Vuli iliyofuata waliingia Phil Hartman, Jan Hooks na Dana Carvey, watu waliokomaa jukwaani na wasiojulikana sana nje. Kipindi kikasimama.

La 1995 nitalipitia haraka kwa sababu sababu yake ni moja: ushindi. Filamu ya Wayne's World, iliyotokana na wahusika wa kipindi, ilitoka 1992 na kuingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani. Tangu hapo kila mhusika aliyeshangiliwa mara mbili akawa ni filamu inayosubiri kutengenezwa, na wahusika wakawa wanarudi wiki kwa wiki hadi wakachujuka. Carvey aliondoka 1993, Hartman 1994, Mike Myers mwanzoni mwa 1995. Waliobaki walikuwa wengi, na wenye kuyashikilia maigizo kama nguzo walikuwa wamekwisha. Jarida la New York likaandika ripoti ndefu na kali, Adam Sandler na Chris Farley wakaachwa, akaja Will Ferrell na wenzake, na mambo yakaanza upya.

Sasa ukiziweka safari hizo tatu pamoja, hakuna hata moja iliyosababishwa na ukosefu wa watu wenye vipaji. Zilisababishwa na urithishaji. Mara ya kwanza wote waliondoka siku moja, hakuna wa kumwonyesha aliye mpya kazi. Mara ya pili waliletwa warithi wa kazi nyingine. Mara ya tatu wazee waliondoka mmoja mmoja huku nafasi zao zikijazwa na kelele. Kipindi hiki ni shule kuliko kilivyo kipindi, na shule huharibika pale darasa moja linapoondoka bila kulifundisha linalofuata.

Kilichobadilika miaka ya karibuni

Kwa kipimo hicho, tatizo la miaka ya karibuni ni geni kabisa. Sasa watu hawaondoki. Mwaka 1975 waigizaji walikuwa saba. Msimu wa 2021 hadi 2022 walikuwa 21. Kate McKinnon alikaa miaka 10, na Kenan Thompson yupo tangu 2003. Michaels alianza kuwaruhusu wenye majina wakose matoleo kadhaa ili wakafanye kazi nyingine, kisha warudi. Ni uungwana, na mtu kama Thompson ni hazina: mpe mstari mmoja na jicho lake, igizo lililokufa litafufuka. Lakini toa muziki, toa matangazo ya biashara, gawanya muda unaobaki kwa watu 21. Kijana mpya anapata nini? Anasimama nyuma akiwa mhudumu, anasema "Karibu, mezani kwako ni hapa," basi. Anafanya hivyo mwaka mzima, halafu mkataba wake haurefushwi na watu wanasema hakuwa na kitu. Benchi alilokalia Murphy limekuwa refu kuliko uwanja. Mei 2022 McKinnon, Aidy Bryant, Pete Davidson na Kyle Mooney walipoondoka pamoja, watu walilia kwamba kipindi kimekwisha. Mimi niliona hewa ikiingia.

Jambo la pili lilianza na uchaguzi wa 2016. Alec Baldwin, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kipindi, aliletwa kumwigiza Donald Trump. Baada yake wakaja wageni wengine wakubwa kwa kila sura ya siasa: Melissa McCarthy akawa Sean Spicer, msemaji wa Ikulu ya Trump, Robert De Niro akawa Robert Mueller, mchunguzi maalumu, Matt Damon akawa Brett Kavanaugh, jaji aliyeteuliwa na Trump, na mwaka 2020 Jim Carrey akawa Joe Biden. Sikiliza yale matoleo ukiwa umefumba macho. Mlango unafunguliwa, ukumbi unalipuka kwa makofi kabla mtu hajasema neno. Makofi ya kumtambua mtu si kicheko. Na wakati ukumbi unashangilia, kuna waigizaji walioajiriwa kwa kazi hiyohiyo wameketi vyumbani wakiwa wamevaa nguo za kawaida.

Uigaji wenyewe ulipungua uzito. Chevy Chase alipomwigiza Rais Gerald Ford hakujisumbua na sauti wala sura, alianguka tu, na nchi nzima ikaanza kumwona Ford kama mtu anayeanguka. Ferrell alipomwigiza George W. Bush mwaka 2000, mwandishi Jim Downey alimbunia neno "strategery", ambalo Bush hakuwahi kulitamka, na watu wakaamini ni lake. Hapo kuna ubunifu: umemtazama mtu, umepata kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui, umekiweka mezani. Maigizo mengi ya Baldwin yalikuwa habari za wiki zilizorudiwa zikiwa zimevikwa wigi. Mtu atanijibu kwamba Tina Fey naye alikuwa ameshaacha kazi pale aliporudi kumwigiza Sarah Palin, mgombea umakamu wa rais, mwaka 2008, na kwamba igizo lake moja lilitumia karibu maneno yaleyale ya Palin. Ni kweli. Lakini lile la kwanza kabisa, alilosimama pamoja na Amy Poehler kama Hillary Clinton, lilikuwa na jambo la kusema: wanawake wawili jukwaa moja, mmoja ametumia maisha yake yote kujiandaa na mwenzake amefika kwa lifti. Uso wa Poehler akijaribu kutabasamu ulibeba hoja nzima.

Nani wa kulaumiwa? Msimu wa 2016 hadi 2017 ulileta watazamaji ambao kipindi hakikuwa nao kwa miaka mingi, na Baldwin akapata tuzo ya Emmy. Ukilipwa vizuri namna hiyo, utaendelea, na waliendelea miaka minne. Mwaka 2021 aliajiriwa James Austin Johnson, na Trump akarudi mikononi mwa mtu wa nyumbani. Johnson aliona kitu ambacho wengine walikipita: yale maneno yanayoacha njia na kuzurura, kutoka jambo hadi jambo, mpaka yanarudi yenyewe pale yalipoanzia. Tofauti unaisikia ndani ya sekunde kumi.

Kisha kuna klipu. Desemba 2005 Andy Samberg na Chris Parnell walirekodi kipande cha video kiitwacho Lazy Sunday, wakirapu kwa ukali wote kuhusu kununua keki na kwenda sinema mchana. Kikasambaa kwenye YouTube, tovuti iliyokuwa haijatimiza hata mwaka tangu ifunguliwe kwa umma. Tangu hapo kila igizo linaishi maisha mawili: moja ndani ya usiku wa Jumamosi, jingine peke yake Jumapili asubuhi kwenye simu. Maisha ya pili yana masharti yake. Lazima lieleweke bila kilichotangulia, lazima jina lake lielezee kichekesho chote, lazima mtu mashuhuri aonekane mapema. Igizo linalopika taratibu, kama lile la Kaufman na gramafoni, lingepitwa kabla hajafika kwenye kiitikio. Hapa naona hasara halisi, na si ya kipindi hiki peke yake.

Pamoja na hayo, Aprili 2024 kilirusha igizo ambalo ningeliweka pamoja na yoyote ya zamani. Ni mjadala wa televisheni, mzito, kuhusu akili bandia. Thompson ndiye mtaalamu. Anashindwa kuendelea, kwa sababu nyuma kuna mtazamaji, Ryan Gosling, anayefanana kabisa na Beavis wa katuni. Gosling anaombwa ahame, anahama kwa adabu, hajui kosa lake. Kisha anaonekana mwingine, Mikey Day, nakala ya Butt-Head, mwenzake Beavis katika katuni hiyo, fizi na pua na kila kitu. Heidi Gardner, anayeigiza mtangazaji, anageuka kumtazama na kushindwa kabisa kujizuia. Anacheka hadi maneno yanampotea. Wazo moja, limewekwa mahali pa kawaida, limekuzwa mara moja tu na kwa ukubwa unaostahili. Wazo hilo lilikuwa limekaa miaka kadhaa likisubiri mgeni wa kulibeba. (Siku hizi waigizaji wengine hutafuta kicheko cha namna ile makusudi, wakijua kitasambaa, na mtazamaji huhisi udanganyifu. Cha Gardner kilimtoka.)

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua msimu unaendaje, siangalii igizo la kufungulia, lile la siasa. Naruka hadi mwisho. Kuna nafasi waandishi wanaiita kwa saa yake, saa saba kasoro dakika kumi usiku, ambako huwekwa lile igizo la ajabu ambalo hakuna aliyejua pengine pa kuliweka. Kipindi kikizidisha muda, hilo ndilo linalokatwa, waigizaji wakiwa wamekwisha valia. Kwa kawaida hapo ndipo kijana mpya wa kikosi anapata mstari wake wa pili. Naangalia nani kapewa dakika zile tano, na kama kuna mtu studioni aliyethubutu kumwandikia kitu ambacho hakijulikani kitaishia wapi.